Mama yule hakuwa akisubiri msaada

Mhariri,

Naandika kuhusu picha mliyoichapa mwezi uliopita katika kurasa za ndani, juu ya habari ya Warundi wanaorejea kwao kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta. Ni picha ya mama mtu mzima, kavaa kitenge cha kijani na kilemba cheupe, kaketi chini kwenye vumbi, ndoo ya plastiki iko ubavuni. Ameshika tama. Chini yake mmeandika kwamba ni mkimbizi wa Burundi akisubiri msaada wa chakula mkoani Kigoma.

Mama huyo ni mama yangu mdogo, na ni raia wa Tanzania. Picha ilipigwa hapa Ulyankulu, wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora. Ndani ya ndoo mlikuwa na makopa ya muhogo alioulima, akaumenya na kuuanika kwa mikono yake, na alichokuwa akisubiri ni mashine ya kusaga, ambayo ilikuwa imekatika mkanda. Kijana wa mashine alikuwa kapanda baiskeli kwenda kutafuta mkanda mwingine. Najua mkono wa shavuni kwetu husomwa kama msiba, lakini siku ile ulikuwa shavuni kwa sababu ya jino. Lilimuuma usiku kucha, na wiki iliyofuata aling'olewa.

Nayajua haya kwa kuwa nilikuwepo. Nilisimama hatua tatu kutoka alipoketi, daftari mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa watu walioipiga picha ile. Kwa hiyo nami nina sehemu yangu katika jambo hili, na ndiyo maana barua imenichukua wiki kadhaa kuianza.

Wasomaji wenu wengi hawatujui, na maelezo yale mafupi yamewazidishia kutotujua, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Warundi walioko Nyarugusu na Nduta wengi wao walikimbia kuanzia 2015, ndio wale waliojaa pale Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingilia, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma mjini. Sisi wa Ulyankulu ni watu wa 1972. Wazazi wetu walivuka mwaka ule serikali ya Burundi ilipoanza kuua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi. Waliletwa huku kwenye miombo na mbung'o, wakapewa majembe, wakaambiwa wafyeke. Vijiji vikaitwa kwa namba za barabara. Wapenzi wa nyimbo za injili wanaijua Barabara ya 13 kwa ajili ya kwaya yake, ila sidhani kama wengi wanajua kwamba jina lile limetoka kwenye makazi ya wakimbizi. Mwaka 1978 baadhi yetu walianza kuhamishiwa Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi, kwa kuwa hapa watu walikuwa wamezidi ardhi na maji. Waliobaki walilima mahindi, muhogo, tumbaku. Mimi nilizaliwa hapa 1975, nikasoma hapa, na hadi leo nafundisha shule ya msingi hapa hapa.

Wageni wale walikuja 2019. Walikuwa wawili, pamoja na kijana wa kutoka Dar es Salaam aliyekuwa akitafsiri Kiswahili kwenda Kiingereza, na dereva. Walisema wanatengeneza filamu ya maisha baada ya vita. Nilifurahi niliposikia neno hilo, "baada". Nilidhani hatimaye kuna mtu amekuja kuuliza kuhusu ile miaka zaidi ya arobaini ambayo hakuna aliyetuuliza. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikawa nao siku tatu. Mimi nilikitoa Kirundi nikakileta kwenye Kiswahili, kijana yule akakichukua Kiswahili akakipeleka kwenye Kiingereza. Swali nalo likarudi kwa njia ile ile. Mama mdogo anaongea Kiswahili vizuri tu, lakini wao waliomba aseme Kirundi.

Siku ya kwanza walimkalisha chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Swali lilikuwa: ule usiku mlipokimbia, ulijisikiaje? Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Akajibu kwamba mama yao alikuwa ameinjika maharage, na walipotoka walibeba chungu kikiwa bado cha moto, wakakipokezana na dada yake, yaani mama yangu mimi, kwa kukizungushia nguo. Wakamwuliza tena alijisikiaje. Akasema mikono iliungua. Wakauliza mara ya tatu, kwa maneno mengine, na mara ya nne. Nilielewa wanachokitaka, naye alielewa, kwa sababu alinitazama mimi badala ya kuitazama kamera. Hakulia. Akaanza kueleza mwaka wa kwanza walipopata tumbaku, jinsi bani lao la kukaushia lilivyoshika moto na kuteketea pamoja na mavuno yote, na jinsi majirani walivyojenga lingine kwa siku nne. Hapo mpiga picha alikuwa ameshaizima kamera. Niliona taa ile nyekundu imezimika, nikaendelea kutafsiri, na sikumwambia mama mdogo.

Kuna neno moja ambalo bado linanisumbua. Mwaka 1972 wazee wetu wanauita "ikiza". Ni neno la balaa kubwa linaloshuka juu ya watu. Mama mdogo alilitaja mara nyingi, nami kila mara nilisema "vita", kwa sababu filamu ilikuwa ya vita na nilitaka kuwasaidia. Vita huwa na watu wenye silaha pande mbili. Baba yake mama mdogo alichukuliwa akiwa kashika jembe. Kaka yake, ambaye ni mjomba wangu, alichukuliwa shuleni alikokuwa akifundisha, Gitega, na aliyekuwa na silaha pale alikuwa upande mmoja tu. Ningesema "maafa", ningesema "mauaji", au ningeliacha lile lile ikiza na kulieleza. Sikufanya hivyo. Filamu yenyewe sijaiona, sijui iliitwaje wala ilioneshwa wapi, na huko ilikooneshwa mama mdogo anasema "vita" kwa kosa langu.

Nikuambie, Mhariri, alichokuwa anataka wakipige picha. Siku ya pili alimshika mkono yule mpiga picha, akamvuta hadi upande wa kisimani, akamwonyesha miembe mitano. Ni miembe ya kawaida, ile ya matunda madogo yenye nyuzi. Lakini ina habari yake. Tulipotakiwa kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia, wengi wetu tulichagua uraia, na kuanzia 2008 tukaanza kuungoja. Kisha ikasemwa kwamba tukishapewa tutatawanywa mikoa mingine na makazi haya yafungwe. Tulikaa namna hiyo miaka sita. Mtu hakujua aezeke nyumba upya au aache. Wazee walikufa wakisubiri. Mama mdogo hakupanda hata mgomba, akisema hawezi kumpandia mtu asiyemjua. Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kutoa vyeti, watu wapatao 162,000 kwa jumla, wa hapa, wa Katumba na wa Mishamo, na mpango wa kututawanya ukaachwa. Cheti chake kilipofika mkononi, mama mdogo alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akakining'iniza ukutani, na msimu ule ule wa mvua akapanda miche mitano. Mmoja ulikufa, akapanda mwingine pale pale.

Mpiga picha alipiga mwembe mmoja, mara mbili hivi, kisha akasema mwanga unakwisha.

Simlaumu kwa nia yake. Alikuwa mpole, alikula ugali wetu, na alipoondoka alimwachia mama mdogo blanketi zuri ambalo analo hadi leo. Ninachosema ni kwamba alikuja na picha kichwani tayari, picha ya mama Mrundi mwenye huzuni, akaitafuta siku tatu, na alipomkuta mama mdogo kwenye mashine ya kusaga mkono ukiwa shavuni, akaona ameipata. Nilimsikia akipumua. Ndiyo hiyo mliyoichapa ninyi.

Miezi michache baada ya wao kuondoka, Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba katika mkoa wa Karusi, karibu na mto Ruvubu, yamefukuliwa makaburi sita ya halaiki na kukutwa mabaki ya watu 6,032. Ilisemekana wengine walitambulika kwa nguo, kwa rozari, kwa miwani. Habari ilifika Ulyankulu kwa simu, kama habari zote, na picha zikafuata. Tulikuwa tumekaa ndani kwa mama mdogo, mvua inanyesha, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa na simu. Mama mdogo akasikia neno moja tu: miwani. Mjomba wangu alivaa miwani. Mkono mmoja wa fremu ulikuwa umevunjika, mama yao akaufunga kwa uzi mweusi.

Aliomba simu. Hajui kuitumia ile ya kupangusa, kwa hiyo mjukuu alikaa karibu naye akawa anamkuzia kila picha. Walikaa hivyo hadi chaji ikaisha. Alikuwa akitazama mifupa iliyopangwa juu ya turubai na watu waliovaa glavu, na kila mara anasema, "Sogeza huku. Hapo chini. Kuza." Alikuwa anatafuta uzi mweusi. Hakuuona. Kesho yake akaniuliza kama watu wa tume wanazo picha za miwani peke yake, moja moja, ili mtu aziangalie kwa utulivu. Nilimwambia nitaulizia. Nimeulizia kila ninakoweza na sijapata wa kunijibu.

Wazo lake halikuwa la ajabu, kumbe. Kule Bosnia, baada ya vita vya 1992 hadi 1995, Msalaba Mwekundu ulitengeneza kitabu cha picha za vitu vilivyokutwa na mabaki ya watu wa Srebrenica, ambako wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa Julai 1995. Hakuna sura ya mtu ndani yake. Ni nguo na vitu vidogo vya mfukoni. Mama na wake zao walikaa wakifunua kurasa, mpaka mtu akaona kiraka alichokishona mwenyewe. Nilipomsimulia mama mdogo, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hao wanajua kupiga picha."

Na kuna jambo jingine ambalo mtu asiyetoka kwenye ukimbizi anaweza asilifikirie. Mjomba wangu hana picha. Ilikuwepo moja aliyopigwa siku ya kumaliza chuo cha ualimu, ilibaki Burundi ukutani, na nyumba ile haipo. Hakuna popote duniani sura yake inapoonekana isipokuwa kichwani mwa mama mdogo, kwa kuwa mama yangu ameshafariki. Sasa mwanamke huyo huyo, siku tatu mfululizo, amepigwa picha pengine mia tatu, na hakuachiwa hata moja. Nilipomwonyesha gazeti lenu, jambo la kwanza aliloniuliza halikuhusu maelezo yale. Aliuliza, "Kumbe ipo? Mbona hawakuniletea?"

Huku kwetu maisha baada ya ukimbizi yanapigwa picha kila Jumamosi na hakuna anayeyaita filamu. Yuko kijana mmoja anayepiga video za harusi, ubatizo, mahafali ya darasa la saba, mnada. Kamera yake ni ya mitumba, taa ameifunga kwenye fimbo ya mwavuli. Mteja akilipa nusu anapewa flashi, akimaliza deni anapewa na nakala ya pili. Ana kabati lenye kazi za miaka kumi na zaidi. Video zake ni ndefu mno, mtu anaweza kupika maharage yakaiva kabla bibi harusi hajaingia kanisani, lakini watu wanazirudia. Nimekaa sebuleni kwa watu nikaona video ya harusi ya 2011 ikichezwa, kwaya inapita, na mzee mmoja anasema, "Simamisha, rudisha nyuma," kwa sababu kwenye safu ya pili yuko mke wake aliyefariki, anapiga makofi. Inarudishwa mara tano, sita, na hakuna anayelalamika. Kijana yule anajua majina ya wote aliowapiga. Akikosea kuandika jina kwenye flashi, watu wanamfuata nyumbani.

Laiti wale wageni wangekaa naye siku moja. Wangemkuta mama mdogo kwenye video ya send-off ya binti yake, 2016, akicheza ngoma kwa mabega kama wanavyocheza kwao, kitenge ni kile kile cha kijani.

Sipingi watu kuja kupiga picha. Waje. Wapo wazee hapa wanaoondoka na mambo mengi kila mwaka, na mimi mwalimu wa darasa la nne siwezi kuyaandika peke yangu baada ya kusahihisha madaftari. Waje wakae muda wa msimu mmoja wa kilimo, wasikilize na ya mabani na ya miembe, na akisema mtu kwamba mikono iliungua, waiulize hiyo mikono. Huzuni ipo, wasidhani tunaificha. Mama mdogo ameilalia miaka zaidi ya hamsini. Lakini yeye ndiye anayejua ilipo, na ilipo kwake ni kwenye uzi mweusi uliofungwa kwenye miwani.

Kwenu gazetini ombi langu la kwanza ni masahihisho. Muandike kwamba aliye pichani ni mkulima, raia wa Tanzania, wa Ulyankulu mkoani Tabora, na kwamba anasubiri kusaga muhogo wake. Jina lake naomba msilitaje, yeye mwenyewe hakutaka, na ndiyo sababu jina langu pia nimeliandika kwenye karatasi ya pembeni na si hapa, maana hapa kijijini ukimjua mmoja umemjua mwingine. Yapo mambo ambayo cheti cha ukutani hakijayamaliza. Watoto wetu wakienda mbali na hapa kuomba kitambulisho au nafasi ya kazi, bado wapo wanaowauliza wametoka kambi gani. Mtu akiona gazetini mama wa Ulyankulu ameitwa mkimbizi, swali hilo linapata nguvu mpya. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikuja na ukurasa ule umekunjwa mfukoni, akaniuliza kama bibi yule atarudishwa Burundi. Nilimwambia hapana. Akauliza, "Sasa mbona gazeti limesema?"

Pia naomba mkipewa picha na watu wa mbali, kabla hamjaiandikia chochote mumtafute mtu aliyekuwepo. Kwa picha hii mtu huyo alikuwa mimi, na namba yangu ya simu wale wageni walikuwa nayo. Simu isingezidi dakika mbili.

La mwisho ndilo mama mdogo alilonituma hasa. Anaomba nakala. Yule mpiga picha alituonyesha picha ile kwenye kioo cha kamera siku ile ile, kwa hiyo tunajua ilivyokuwa kabla hamjaikata. Upande wa kushoto unaonekana mkono wangu na daftari, hilo si kitu. Lakini nyuma ya mama mdogo, mlangoni pa mashine, alikuwepo mjukuu wake aliyevaa sare ya shule, unga umemjaa usoni kwa kuchungulia ndani, anacheka mpaka macho yamefumba. Sasa ni binti mkubwa, anasomea uuguzi. Ninyi mmemkata mkamwacha bibi peke yake na ndoo. Tunaomba iliyo nzima, ya saizi ya kutosha fremu, na mkiituma kwa basi la Tabora muitie katikati ya makaratasi magumu, barabara ya kutoka Kaliua ina mashimo na mizigo inabanana. Fremu ameshanunua. Ameitundika karibu na cheti, haina kitu ndani.

Wako msomaji,
Mwalimu, Ulyankulu, Tabora